Aiskrimu ya Wajane Wawili

14 Septemba

Wifi yangu Salha anasema mjane asome nyiradi, asishike kalamu. Nyiradi nasoma. Lakini nina maneno kifuani ambayo siwezi kumpelekea Mungu, hayana adabu. Nitayaweka hapa.

Jamaldini tumemzika Jumatano. Presha. Aliondoka na marobota yake ya vitenge kwenda mnadani Kongwa kama kila juma, akarudishwa amelala ndani ya gari. Na wala hakufia mnadani. Kafia chumbani kwa yule mke wake mdogo, aliyemuoa mwaka juzi bila kunipa habari, mpaka nikaja kuambiwa na muuza nyanya. Miaka ishirini na miwili nimemfulia, nimempikia, nimemkanda miguu, halafu mtu anakwenda kukata roho mbele ya macho ya mgeni! Simsamehe. Mungu anisamehe mimi kwa kutomsamehe.

Sasa nimo edani. Miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba hii ya Ipagala, bila wanja, bila marashi, bila kutia mguu nje ya mlango. Salha kahamia hapa kunilinda, kama vile nina pa kukimbilia.

16 Septemba

Wamemleta. Yule wa Kongwa. Hapa, kwangu!

Salha kasema chumba alichopanga Kongwa hakina heshima ya kukalia eda, na ana mimba ya miezi saba, na mtoto wa kaka yake hawezi kuzaliwa mikononi mwa watu baki. Mimi sikuulizwa. Nimeamka nimekuta kitanda kinapita sebuleni.

Ni mtoto mdogo, miaka ishirini na mitatu hivi. Mgogo, kwao wanaenda kanisani, jina lake Devota. Jamaldini alipomuoa akampa jina la Salwa. Kapiga goti mlangoni: "Shikamoo dada." Nikaitikia kwa sababu watu walikuwepo.

Tena kuna hili. Mimi nitamaliza eda Januari. Mwenye mimba yeye akijifungua tu, hata iwe kesho, eda yake imekwisha. Ndivyo sheria ilivyo. Mume mmoja, msiba mmoja, yeye anatoka mapema kwa sababu ana kitu tumboni, mimi nabaki kwa sababu sina. Hata kwenye kufiwa tasa anakaa nyuma.

18 Septemba

Joto. Vumbi. Yule hajala toka juzi. Hainihusu.

21 Septemba

Leo kafungua mdomo. Nilikuwa jikoni nasonga ugali, akasimama pale kwenye pazia, anajishika kiuno.

"Dada, samahani. Naomba ile aiskrimu."

"Aiskrimu ipi?"

"Ile unayotengeneza wewe. Marehemu alikuwa anaisifu mpaka nikawa nakuchukia. Chakula kinanirudi. Nahisi baridi tu ndiyo itakaa."

Nilitaka kumtupia mwiko. Yaani alikuwa akikaa huko Kongwa, kichwa juu ya mto wa mwanamke mwingine, anasifia aiskrimu yangu! Kabla ya msiba nilikuwa nauza hapa mlangoni. Mtaa mzima unaniita Mama Aiskrimu, maana sina mtoto wa kuitiwa. Jamaldini ndiye aliyeninunulia lile friza, la mkono wa pili, akalibeba kwa mkokoteni kutoka mjini huku akiimba.

Nikamwambia sina maziwa. Akasema asante, akarudi chumbani. Asante ya nini sasa?

25 Septemba

Nimetengeneza. Si kwa ajili yake, ni kwa ajili ya aliyemo tumboni, ambaye hajanikosea kitu.

Debora, jirani yetu mwenye ng'ombe, kaleta maziwa mlango wa nyuma. "Mbukwenyi," kanisalimu kwa Kigogo, nami nikaitikia. Nimechemsha maziwa na sukari taratibu, nikakoroga kastadi, nikakamata kichupa cha vanila. Salha huyo!

"Wifi, hiyo nini?"

"Vanila."

"Inanukia."

"Ndiyo kazi yake."

"Mjane hajitii marashi."

"Sijitii, natia kwenye maziwa."

"Marashi ni marashi, hata ukiyala. Yatakutoka jashoni."

Wallahi nilitamani kucheka, na kucheka nako edani sijui kuna hukumu gani. Kachukua kichupa akakifungia kabatini kwake pamoja na iliki zangu. Basi nikatia ubuyu. Ulilowekwa, ukachujwa mbegu, ukapoa kabisa, maana ukiutia kwenye maziwa ya moto yanakatika yote. Nikamimina kwenye sufuria pana, nikaweka kwenye friza. Kingo zikishika unaitoa unaipiga kwa mwiko, unarudisha, inashika tena, unaipiga tena, mpaka mkono unakufa ganzi. Usipoipiga unapata tofali la maziwa. Watu wanadhani siri yangu ilikuwa vanila. Siri yangu ni mkono.

Alikula bakuli zima, na halikurudi. Akalia huku analamba kijiko. Nikatoka jikoni.

26 Septemba

Mabakuli mawili.

3 Oktoba

Joto la kuua. Mawingu yanakuja, yanasimama juu ya mji, yanaondoka. Wanaochuma zabibu huko mashambani wana kazi.

Huyu mtoto sasa aiskrimu haimtoshi. Kaanza kutafuna barafu tupu. Anagandisha maji kwenye vikombe vya plastiki, anavunja, anatafuna. Kra, kra, kra, mchana kutwa, ukuta mmoja na kichwa changu. Nimemuuliza kama ni fisi. Kasema, "Nisamehe dada, nisipotafuna naona kama nitachanganyikiwa." Kicheko kimenitoka bila kutaka, naye akacheka. Ana mwanya. Sasa najua Jamaldini alichokiona.

9 Oktoba

Ilikuwa siku yake ya kliniki. Kajifunga khanga yake, kashika kadi, Salha akamzuia mlangoni. "Unakwenda wapi? Mjane hatoki. Ukizaa utatoka."

Akanitazama mimi. Na mimi nilikuwa na chungu cha maharage mkononi, nikaendelea na safari yangu ya jikoni. Nilisema moyoni, mke mdogo kapata mwenyewe wa kumfundisha, mimi ni nani?

Karudi chumbani. Kra, kra.

13 Oktoba

Leo kanisaidia kupiga. Nimempa kigoda kwa sababu anachoka upesi, akisimama kidogo anashika ukuta. Tulikuwa tunapokezana mwiko. Nilijiapiza sitamuuliza kamwe, nikamuuliza.

"Alisema nini mwisho?"

Akaendelea kupiga. Kisha: "Hakusema maneno ya kufa, dada. Alisema kichwa kinamuuma. Akasema kesho arudishe lile sinia la Stara, unamdai. Ni sinia lako la maua, alikuja nalo na mihogo. Nikaenda kumchemshia maji. Niliporudi ameshaondoka. Hata mimi hakunisubiri."

Kwa hiyo aliondoka peke yake. Mwezi mzima nimemwonea wivu mtu ambaye hakupata kitu. Wote wawili tulikuwa jikoni, mmoja Ipagala, mmoja Kongwa, na mwanaume kafa peke yake.

Kuanzia leo namwita Salwa. Nimechoka kusema "yule."

17 Oktoba

Salwa analala sana. Viganja vyake vimekuwa vyeupe. Nimempaka mafuta.

22 Oktoba

Nitaandika yote.

Umeme ulikatika jana jioni. Mpaka leo saa nne asubuhi haujarudi, na jua la leo si la dunia hii. Friza limetoa maji, aiskrimu imekuwa uji, barafu za Salwa zote zimeyeyuka. Toka alfajiri hajatulia. Anaingia jikoni, anatoka, anafungua friza, anafunga. Nikamwambia, "Mwanangu, tulia, umeme utarudi." Nilisema mwanangu, sijui lilitokea wapi.

Nilikwenda kufungua mlango wa nyuma, Debora alikuwa anagonga na maziwa. Tukasikia kishindo. Tumemkuta chini, mbele ya friza lililo wazi, kucha zake zimejaa mabaki ya ukungu wa barafu aliokuwa anaukwangua ukutani mwa friza. Midomo myeupe. Nikamvuta kope la chini, ndani hakuna wekundu hata kidogo, kweupe kama ganda la yai.

Salha alikuja mbio. "Mpepeeni! Mpeni maji ya sukari!"

Debora akasema, "Huyu ni wa hospitali, siyo wa kupepea."

Nikavaa buibui langu. Salha akanisimamia mlangoni, mikono ameitanda. "Stara, mna wazimu? Wajane wawili mtoke nje mchana kweupe? Kaka yangu hajatimiza hata miezi miwili kaburini! Mwache Debora ampeleke."

"Debora hajui hata jina la baba yake Salwa. Nipishe."

"Mjane hatoki!"

"Basi mimi natoka nikiwa mjane, nisije kubaki humu nikiwa muuaji. Nipishe, Salha!"

Alinipisha. Sijawahi kumwita bila wifi mbele ya jina. Tukampakia kwenye bajaji, kichwa chake mapajani mwangu, na watu wa mtaa wamesimama wanatuangalia kama maharusi.

Hospitali wakampima. Muuguzi akarudi na sura ya kazi. "Mama, damu yake iko nne, na inatakiwa ifike kumi na moja. Anapenda kula udongo? Mchele mbichi? Barafu?"

"Barafu. Anatafuna kutwa."

"Na kliniki?"

Nikakunja ncha ya buibui. Ningesema nini? Kwamba kliniki alikuwa anaijua njia, akazuiwa, na mimi nikapita na chungu changu cha maharage?

Nikamuuliza kama ni barafu yangu ndiyo imemmaliza damu. Akasema siyo barafu, mama, kukosa damu ndiko kunakomfanya aitamani, mwili unapiga kelele kwa namna yake, na wajawazito wengi wako hivyo. Alisema kwa upole. Upole wake ndio ulioniumiza. Nilikuwa naisikia ile kelele kila siku ukutani, kra, kra, nikaiita fisi.

Wametaka ndugu waje kutoa damu. Mimi wamenikataa, presha yangu iko juu. Nimekaa kwenye benchi, nimemwomba Mungu asinichukulie na huyu. Nimemwambia wazi: Jamaldini ulimchukua sikukuuliza, huyu nakuuliza.

24 Oktoba

Amewekewa damu. Kafungua macho, jambo la kwanza kasema, "Dada, umetoka eda yako kwa ajili yangu." Nikamwambia anyamaze apumzike.

Nimerudishwa nyumbani kulala, Salha kashika zamu. Nilipompokea asubuhi niliona plasta kwenye mkono wake, pale kwenye kiwiko. Muuguzi ndiye aliyenieleza. Kumbe alikuja juzi ile ile, nyuma yetu, kwa miguu, akatoa damu, akarudi.

Shemeji yangu Amiri, mdogo wake marehemu, alikwenda kumuuliza Sheikh Mustapha ikiwa tumevunja eda. Sheikh kashangaa. Kasema mjane akiumwa anakwenda hospitali, na kliniki ruhusa ilikuwepo tangu siku ya kwanza. Tangu siku ya kwanza! Salha alisikia hayo akiwa amesimama, akatafuta kiti.

25 Oktoba

Iliki na vanila hazimo tena kabatini kwa Salha, zipo mezani kwangu. Kazirudisha mwenyewe, hakusema lini.

5 Novemba

Kajifungua. Mtoto wa kiume. Mzima! Mama yake naye mzima, damu ilitoka lakini waliizuia. Alhamdulillahi, alhamdulillahi, alhamdulillahi.

8 Novemba

Wamerudi. Jina lake Imrani, alilichagua Jamaldini kabla hajafa. Ana vidole virefu vya baba yake na hasira za sijui nani. Salha anasema za kwangu, inawezekanaje? Lakini nimefurahi.

Salwa kashuka kwenye bajaji na kitenge cha maua mekundu. Eda yake imeisha. Mimi nilisimama ndani ya mlango na gauni langu lililopauka, nikaona kitu kimenichoma kidogo, kisha akanipa mtoto na sikuona tena kitu kingine.

"Mshike, mama mkubwa wake," kasema.

Mama mkubwa. Miaka yote hii nilikuwa Mama Aiskrimu.

19 Novemba

Imrani kalala kifuani kwangu toka adhuhuri mpaka alasiri. Sikusogea. Mguu umekufa ganzi, na ufe.

27 Novemba

Salwa anataka kujua kupiga aiskrimu yenyewe, ya vanila. Barafu tupu haitaki tena, hata kuiona. Anameza dawa za damu, anakula mlenda na dagaa kama mtu mwenye deni. Tumetengeneza sufuria mbili, tukala na Salha sisi watatu, kila mtu na kijiko chake. Salha kasema, "Kaka alikuwa mjinga lakini kwa hili hakusema uongo." Kisha akalia. Tukamwacha alie.

1 Desemba

Nilijua raha ya masikini haidumu.

Salha kaniita chumbani kafunga mlango. Wameshauriana yeye na Amiri. Eda ya Salwa imekwisha, arobaini yake karibu, baba yake huko Kongwa atakuja kumchukua. Akienda, mtoto ndiyo kaenda. Sasa Amiri amuoe. Imrani abaki kwenye ukoo wa baba yake, hapa hapa, nyumba hii hii.

"Ongea naye wewe, wifi. Wewe anakusikiliza kuliko mama yake mzazi. Ukimwambia ndiyo, itakuwa ndiyo."

Nikasema nitaona.

"Utaona nini? Wewe ndiye utakayemlea. Amiri ana kazi zake. Mtoto atakuwa wako, Stara."

Najua. Ndiyo maana sijala usiku huu.

3 Desemba

Upepo. Ngurumo za mbali, hakuna tone.

Imrani leo kacheka usingizini.

6 Desemba

Amiri namjua kuliko Salha anavyomjua, kwa sababu dada huwa haoni. Mke wake wa kwanza alitoka nyumbani kwake akiwa amepungukiwa jino la mbele. Walisema ameanguka bafuni. Mimi ndiye niliyemkanda uso kwa maji ya chumvi, na ile haikuwa alama ya bafu. Wa pili hakusubiri jino, alikimbilia kwao Gulwe na nguo alizovaa. Mbele za watu Amiri ni mpole, anasali safu ya mbele. Hasira yake huwa ya ndani ya nyumba.

Nimejibishana na nafsi yangu siku tano. Nafsi inasema: watu hubadilika. Inasema: utakuwepo, utamzuia. Inasema: wewe una haki gani ya kukosa kila kitu? Mume umekosa, uzazi umekosa, sasa umepewa mtoto mkononi, unataka kumrudisha? Na hilo neno la mwisho ndilo linaloniuma, kwa sababu ni kweli. Nikimnywesha Imrani maji kwa kijiko hunikamata kidole, na mimi hunena naye mambo ambayo sijawahi kumwambia mtu.

Leo tulikuwa jikoni. Salwa anapiga, mimi nashikilia sufuria. Mtoto kalala kwenye beseni la nguo. Akaniuliza bila kuinua kichwa.

"Dada, shemeji Amiri ni mtu gani?"

Ilikuwa rahisi kabisa. Ningesema, mtu mzuri, ana hasira kidogo kama wanaume wote. Basi. Mwanangu angekua mbele ya macho yangu, ningempeleka madrasa, ningempeleka shule, angeniita mama mkubwa mpaka nizikwe. Ulimi ulikuwa tayari.

Nikamtazama. Mikono yake imejaa siku hizi, imepata rangi. Nikaikumbuka ilivyokuwa pale sakafuni.

"Anapiga," nikasema.

Mwiko ukasimama.

"Wake wawili wamemkimbia. Wa kwanza nilimkanda mimi mwenyewe. Usikubali, Devota."

Nimemwita jina lake la kwao. Sikupanga. Jina lingine alipewa na mtu aliyekufa.

"Nisipokubali, baba atakuja kunichukua."

"Najua."

"Nikienda, Imrani naenda naye."

"Najua, mwanangu."

"Na wewe?"

"Piga, inaganda pembeni."

Alipiga huku machozi yanadondoka kwenye sufuria, na mimi nilishikilia sufuria isisogee. Hiyo aiskrimu hatukuila, nimempa Debora.

9 Desemba

Salha kauliza kama nimeongea naye. Nikasema nimeongea. Akanishukuru. Nimeshindwa kumtazama.

12 Desemba

Mvua! Kubwa, ya kwanza. Harufu ya udongo imejaa nyumba nzima, hii hata Salha hawezi kuifungia kabatini. Nimemsogeza Imrani dirishani aisikie.

15 Desemba

Mzee Petro, baba yake Devota, kaja asubuhi na matope ya Kongwa kwenye viatu. Nikampa shikamoo. Anaongea Kiswahili polepole, kila neno anaangalia anapoliweka.

"Mimi sikuja kugombana. Nimekuja kuwapa pole, na kuwashukuru kwa damu mliyompa mwanangu. Kwetu mvua imenyesha, watu wanapanda. Mtoto akitaka kurudi, nyumba ipo. Asipotaka, naheshimu."

Amiri akajikohoza, akasema yake. Ukoo, jina la marehemu, mtoto wa kiume. Alisema kwa upole kama kawaida yake. Sheikh Mustapha alikuwepo, Salha alimwita awe shahidi wa posa. Kisha Salha akamgeukia Devota, uso umejaa matumaini. "Haya mama, sema mwenyewe."

Devota kasimama. "Nawashukuru wote. Shemeji sitaolewa naye. Narudi kwa baba yangu na mwanangu."

Amiri akainuka. "Mtoto ni wetu!" Hapo upole umekwisha.

Sheikh akamwambia kaa. Kasema mtoto anayenyonya hatenganishwi na mama yake, na mwanamke huru hajibiwi posa kwa niaba yake. Amiri kaondoka bila kuaga, mlango kaubamiza mpaka Imrani akaamka.

Kufunga mizigo hakukuchukua muda. Nilimkunjia nguo za mtoto moja moja, nikazikunjua, nikazikunja tena. Nikamwonyesha namna ya kumkanda tumbo akisokotwa. Nikamwambia asiruke dawa, asiruke kliniki, hata akikatazwa na nani.

Bajaji ikapiga honi. Mzee Petro akatangulia na begi. Salha alijifungia chumbani, hakutoka kuaga. Devota kambeba Imrani mgongoni, kavuka kizingiti, kapiga hatua mbili tatu, akageuka. Mimi nilikuwa bado ndani.

"Hunisindikizi, dada? Hata mpaka kwenye bajaji tu?"

Mgeni wa siku moja husindikizwa. Huyu kakaa kwangu kiangazi kizima.

"Yako imeisha," nikamwambia. "Yangu bado."

"Lakini ulitoka. Siku ile ulitoka."

"Ile ilikuwa dharura. Kuagana siyo dharura."

Alirudi yeye. Akamshusha Imrani mgongoni, akamwingiza mikononi mwangu hapo kizingitini, nikambusu utosi, pale panapodunda. Nikamfunga tena mgongoni kwa mama yake, kwa mikono yangu, fundo nikalikaza, nikalijaribu kama limeshika. Likawa limeshika.

Nimesimama ndani ya mlango mpaka bajaji ikakata kona kwa Debora. Mtoto alikuwa analia, kisha sikumsikia tena.

16 Desemba

Salha kaja chumbani kwangu leo baada ya adhuhuri. Macho yamevimba. Kaketi ukingoni mwa kitanda.

"Nani kamwambia akatae?"

"Mimi."

Nilisubiri matusi. Nilikuwa nimejiandaa nayo tangu jana, na nina yangu ya kujibu. Hakutukana.

"Ni kwa sababu ya jino la yule mke wa kwanza wa Amiri?"

"Kumbe ulijua."

"Nilijua," kasema. Mvua ilikuwa inapiga bati.

"Lakini wewe ulimtaka yule mtoto kuliko sisi wote, Stara. Kuliko hata mimi."

"Ndiyo."

"Sasa utabaki na nani?"

Salha akanivuta kichwa akakilaza mapajani mwake, mimi mtu mzima, na nikalia. Si kulia kwa adabu. Nililia kwa sauti, ile sauti ambayo hata Jamaldini sikumlilia, mpaka majirani wakaja mbio kwenye mvua hiyo, wakagonga mlango wakiuliza nani tena amekufa.

Salha akawajibu bila kuninyanyua kichwa. Hakuna aliyekufa, kasema. Mtoto wake kasafiri.